Kubadilisha Nyaya za Nyumba ya Zamani: Jinsi ya Kujua Gharama Kabla Fundi Hajashika Patasi

Swali ni lile lile: "Nyumba ya vyumba vitatu, kubadilisha waya zote ni shilingi ngapi?" Anayeuliza anataka namba moja. Akizunguka kwa mafundi watano anarudi na namba tano zilizopishana mbali, na anahisi kuna anayemwibia. Mara nyingi hakuna anayemwibia. Kila fundi amehesabu kazi tofauti, kwa sababu mwenye nyumba hakuwapa kitu kimoja cha kuhesabu.

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba ya tofali za saruji, Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania, iliyofungwa umeme miaka mingi iliyopita na sasa inaonyesha uchovu. Hautakufundisha kufunga umeme. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Utakusaidia kuitoa gharama yako mwenyewe, kwenye karatasi yako, kabla hujalipa hata shilingi ya kifaa. Bei za dukani hubadilika, kwa hiyo penye bei humu ndani ni namba ya kufanyia hesabu tu. Idadi na vipimo ndivyo vya kushika.

Andaa kwanza

- Futikamba, daftari na penseli.
- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha ya picha.
- Orodha ya vyombo vyote vya umeme ulivyonavyo na unavyotarajia kununua, pamoja na wati zake. Wati huandikwa nyuma au chini ya chombo.
- Fedha kidogo ya kumlipa fundi siku ya ukaguzi peke yake. Mlipe kwa ukaguzi hata kama kazi hutampa, ndipo atakuambia ukweli.
- Ratiba. Ikiwa nyaya zinapita darini na paa linavuja, usianze katikati ya masika. Ziba paa kwanza.

Jambo moja la mipaka: kuanzia nguzo hadi mita ya LUKU ni mali ya TANESCO. Kuanzia mita kuingia ndani ni yako. Fundi wako asikate lakiri ya mita wala asiguse waya unaoingia humo. Tatizo likiwa upande huo, toa taarifa TANESCO, usimlipe mtu wa mtaani.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kweli unahitaji kubadilisha nyumba nzima.

Siku ya ukaguzi, umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi na kupimwa kwamba haupo, fundi afungue bodi (sanduku la fyuzi au breka), soketi tatu nne za vyumba tofauti na swichi mbili. Simama pale uangalie. Plastiki ya waya ikikatika kama biskuti ukiikunja, waya umekwisha. Ukikuta soketi ina nyaya mbili tu, hakuna athi (waya wa ardhini unaokukinga na shoti). Ukikuta bodi ya fyuzi za kauri zilizofungwa nyuzi za waya wowote uliopatikana, nyumba hiyo haina kinga. Alama nyingine unazijua mwenyewe: soketi inayopata joto, harufu ya plastiki, friji au jiko linalokupiga shoti ukiligusa umevaa ndala zilizolowa.

Lakini pia unaweza kukuta nyaya nzima, laini, zenye athi, na ubovu uko kwenye bodi na soketi tu. Hapo kazi inakuwa kubadilisha bodi, kuweka RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja), kufunga athi mpya na soketi mpya, bila kugusa kuta. Gharama ya kazi hiyo haikaribiani na ile ya kubadilisha kila kitu. Pwani, chumvi ya hewani hula skrubu na vishikio vya waya mapema kuliko inavyokula waya wenyewe, kwa hiyo usikubali neno "zote zimekufa" kabla hujaoneshwa.

2. Hesabu pointi.

Hapa ndipo gharama ilipo, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Mafundi wengi hutoza kwa pointi, yaani kila mahali taa, feni, soketi au chombo kinapofungwa. Ingia kila chumba na andika unachotaka kiwepo baada ya kazi, si kilichopo leo. Nyumba ya vyumba vitatu, sebule, sehemu ya kulia, jiko, vyoo viwili na korido inaweza kutoka hivi:

- Taa: vyumba 3, sebule 2, kulia 1, jiko 1, vyoo 2, korido 1, nje 4. Jumla 14.
- Feni za dari: vyumba 3, sebule 1. Jumla 4.
- Soketi: vyumba 6, sebule 4, kulia 1, jiko 3. Jumla 14.
- Vyombo vizito: jiko la umeme, hita ya maji, kiyoyozi, pampu. Jumla 4.

Pointi 36. Sasa angalia mtego. Fundi wa kwanza anahesabu taa na swichi yake kuwa pointi moja. Wa pili anahesabu taa pointi moja na swichi pointi nyingine. Taa na feni hapo ni 18, kwa hiyo kwa fundi wa pili nyumba hiyo hiyo ina pointi 54. Wa kwanza akisema 15,000 kwa pointi, jumla ni 540,000. Wa pili akisema 10,000 kwa pointi, jumla ni 540,000. Uliyedhani ni rahisi na uliyedhani ni ghali wamekutajia bei moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: "Swichi ni pointi? Soketi pacha ni pointi moja au mbili? Swichi ya njia mbili ya korido, ya kuwasha taa moja kutoka sehemu mbili, unaihesabuje? Bodi na athi vimo au vinalipwa peke yake?" Andika majibu.

Ikiwa nyumba ina wapangaji, huu ndio wakati wa kumpa kila mpangaji sakiti yake (njia ya nyaya inayotoka peke yake kwenye bodi) na breka yake. Kuongeza baadaye kutakulazimu kutindua tena ukuta ule ule, na ugomvi wa nani amemaliza uniti hautaisha.

3. Gawa pointi kwenye sakiti.

Chora ramani ya nyumba, hata kwa mkono, kisha panga. Kwa mfano wetu: taa sakiti 2, soketi sakiti 3 (jiko iwe na yake), na kila chombo kizito sakiti yake, yaani 4. Jumla 9. Nunua bodi ya njia 12 ili zibaki 3 za siku za mbele. Tofauti ya bei kati ya bodi kubwa kidogo na ndogo ni ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha bodi nzima miaka miwili ijayo.

Unene wa waya unaokubalika kwa kawaida majumbani ni huu:

- Taa: mm² 1.5, breka ya ampea 6 au 10.
- Soketi: mm² 2.5, breka ya ampea 20 ikiwa waya unakwenda tu bila kuzunguka na kurudi kwenye bodi.
- Kiyoyozi cha kawaida cha chumba: mm² 2.5 au 4, breka ya ampea 20.
- Pampu ndogo ya maji: mm² 2.5, breka ya ampea 16.
- Jiko la umeme na hita: mm² 6, breka ya ampea 32.

Hita inayochemsha maji pale pale bafuni hudharauliwa kwa sababu ni ndogo kwa umbo. Yenye wati 5,500, ukigawa kwa volti 230, inavuta takriban ampea 24. Birika la wati 2,000 linavuta chini ya 9. Hita kama hiyo ukiiunga kwenye waya wa soketi unaunguza nyumba polepole.

Onyo: breka hulinda waya, hailindi chombo. Breka ikiruka mara kwa mara, usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi bila kubadilisha waya. Waya utaungua kabla breka hiyo haijastuka.

4. Amua nyaya zitapita wapi.

Gharama iliyojificha ndiyo hii. Nyumba ina moja ya hali mbili. Ama nyaya ziko ndani ya mabomba yaliyofukiwa ukutani, ama zimepigiliwa ukutani na kufunikwa kwa plasta moja kwa moja.

Zikiwa kwenye bomba, fundi anaweza kuvuta mpya kwa kutumia zile za zamani au springi ya kuvutia waya. Akifaulu, ukuta haugusiki. Mwambie ajaribu kwenye vyumba viwili siku ya ukaguzi, kwa sababu bomba lililoziba kwa saruji hubadilisha hesabu yote.

Zikiwa ndani ya plasta, una njia mbili: kutindua kuta upya, au kupitisha nyaya juu ya ukuta ndani ya trankingi ya plastiki (mfereji wenye kifuniko). Kutindua kunapendeza machoni, lakini nyuma ya fundi umeme anakuja mwashi, mchanga, saruji, skimu, na rangi ya ukuta mzima, maana kiraka cha rangi mpya kwenye ukuta wa miaka minane hakifichiki. Watu hupanga fedha ya umeme na kusahau kabisa fedha ya rangi. Trankingi ni nafuu, inamalizika haraka, na mkiwa mnaishi ndani haiwajazi vumbi. Mimi ningeweka trankingi vyumbani na kutindua sebuleni tu, kama bajeti ni ya kubana.

5. Pima urefu wa waya.

Kila sakiti, pima njia yake halisi kutoka kwenye bodi: kupanda ukuta, kupita darini, kushuka kwenye soketi, kupanda tena. Si mstari ulionyooka kwenye ramani. Kisha kumbuka kuwa waya wa nyuzi mojamoja unazidishwa: soketi inahitaji moto (unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na athi, yaani mara tatu. Njia ya mita 28 inahitaji mita 84 za waya. Ongeza sehemu ya kumi kwa mapindo na vipande, unafika kama mita 92. Kwa urefu ni kama rola moja ya mita 100, lakini kwa kuwa rangi ni tatu, unahesabu kila rangi kwa nyumba nzima ndipo ununue rola. Ukitumia waya bapa wenye nyuzi zote tatu ndani, huzidishi.

6. Omba makadirio matatu kwa orodha moja.

Wape mafundi watatu karatasi ile ile: pointi, sakiti, njia ya nyaya. Kadirio likujie kwa maandishi, likitenganisha vifaa, ufundi, kutindua na kuziba, bodi, athi, na upimaji wa mwisho. Uliza kama bei za vifaa zina VAT ndani yake. Kadirio lenye mstari mmoja tu, "wayaringi nyumba nzima", lirudishe.

Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Omba namba ya leseni, angalia tarehe ya kuisha na daraja lake, na jina lilingane na mtu aliye mbele yako. Fundi hodari asiye na leseni anaweza kufanya kazi chini ya mkandarasi mwenye nayo, lakini huyo mkandarasi aje mwenyewe akague, asiwe muhuri tu. Na ukitaka kuhama kutoka fezi moja kwenda fezi tatu, hilo ni ombi la TANESCO lenye gharama zake nje ya haya yote.

Ukishapata makadirio, weka pembeni asilimia 10 hadi 15 ya dharura. Kuta za zamani zina mambo yake.

7. Nunua vifaa mwenyewe, au nenda na fundi.

Kariakoo kuna waya mzuri na kuna waya wa kuua. Ulio hatari zaidi ni wa aluminiamu iliyopakwa shaba: kwa nje ni mwekundu wa kupendeza, ndani ni mweupe. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni shaba hadi katikati.

Kisha omba mizani. Rola ya mita 100 ya mm² 2.5 ina shaba ya karibu kilo 2.2, bila plastiki yake. Ya mm² 1.5 ina karibu kilo 1.3. Rola iliyoandikwa 2.5 ambayo na plastiki yake yote haifiki kilo 2 ni waya mwembamba, au mfupi, au si shaba. Muuzaji mwenye mali safi hatakasirika ukipima.

Tafuta alama ya ubora ya TBS, dai risiti ya EFD, na weka makubaliano ya kurudisha rola ambazo hazijafunguliwa. Soketi ziwe za matundu matatu ya mstatili zenye ampea 13, nzito mkononi. RCD iwe ya miliampea 30. Nondo ya athi iwe ya chuma kilichopakwa shaba vizuri pamoja na klampu yake. Ile ya chuma kitupu kilichopigwa rangi italiwa na kutu.

Mahali pa kutobana fedha ni patatu: waya, RCD na athi. Ukikosa hela, punguza pointi. Acha taa mbili za nje, acha soketi ya nne ya sebuleni, nunua swichi za kawaida badala ya zile za kioo. Hivyo vyote huongezwa baadaye.

8. Kubalianeni malipo kwa awamu.

Ufundi ulipwe mara nne: sehemu ndogo siku ya kuanza, sehemu kubwa nyaya zikishapita zote kabla ya kuziba kuta, nyingine baada ya upimaji, na kiasi kibaki mkononi mwako kwa wiki mbili za matumizi. Andikeni, mtie sahihi wote wawili. Fundi mzuri hakimbii karatasi.

9. Simamia kazi.

Mkiwa mnaishi ndani, kazi iende chumba kwa chumba, na kila jioni sehemu isiyoguswa irudishiwe umeme salama. Zuia waya mpya kuungwa na wa zamani ndani ya ukuta; kila kiungo kiwe kwenye boksi linalofunguka. Kuweni makini na rangi: nyumba za zamani nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro, nyaya mpya kahawia ni moto na buluu ni nyutro. Zikikutana kwenye nyumba moja, bodi ibandikwe maelezo.

Kabla mwashi hajaziba, piga picha kila ukuta ukiwa na futikamba pembeni. Siku utakayotaka kutundika televisheni utajua wapi usitoboe.

Nondo ya athi ichimbiwe pahali penye unyevu, karibu na maji ya bafu yanapomwagikia nje kwa mfano. Mchanga mkavu wa pwani haupitishi umeme vizuri, na nondo moja huenda isitoshe. Fundi apime aongeze ya pili. Asiunge athi kwenye bomba la maji kama walivyofanya zamani. Mabomba mengi sasa ni ya plastiki.

10. Kataa kumalizia bila vipimo.

Taa kuwaka si kipimo. Fundi apime nyaya kwa mega (kipimo cha uzima wa plastiki ya waya) ya volti 500, kila sakiti isome angalau megaomu 1, na waya mpya mzuri husoma juu zaidi ya hapo sana. Apime athi, apime kila soketi kama moto na nyutro viko upande sahihi, abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD mbele yako. Matokeo yaandikwe, na majina ya sakiti yabandikwe ndani ya mlango wa bodi.

Mambo yakienda kombo

Kadirio limepanda katikati ya kazi. Uliza ni pointi zipi zimeongezeka na nani aliziomba. Kama ni mabomba yaliyoziba, hiyo ni halali na ndiyo kazi ya akiba yako. Kama ni "bei imepanda dukani", risiti zioneshe.

RCD inaruka na hairudi. Chomoa vyombo vyote, zima breka zote, washa RCD, kisha washa breka moja moja. Itakayoiangusha ndiyo sakiti yenye kasoro. Ikitulia zote zikiwa juu, rudisha vyombo kimoja kimoja. Pasi au hita ya zamani huwa ndiyo yenye kosa. Ikiruka hata breka zote zikiwa chini, huenda kuna nyutro iliyogusana na athi mahali fulani. Mwite fundi. Usikubali aitoe RCD "ili mpate umeme".

Taa zinafifia kila friji ikiwaka. Ikiwa ni chumba kimoja, kuna kiungo kilicholegea. Ikiwa ni nyumba nzima, chunguza waya wa kutoka mita hadi bodi. Wengi hubadilisha kila kitu ndani na kuuacha huo wa zamani. Ikiwa na majirani wanalalamika, ni laini ya mtaa.

Soketi mpya inapata joto. Acha kuitumia sasa hivi. Skrubu haijakazwa au soketi ni feki.

Uniti zinaisha kama zamani. Zima meni swichi na utazame taa ndogo inayopepesa kwenye mita ya LUKU. Ikiendelea kupepesa, umeme unatumika kabla ya kufika kwenye bodi yako: waya wa kati ya mita na bodi umechubuka, au kuna mtu ameunga. Ikisimama, washa sakiti moja moja utafute inayokula.

Fundi amepotea kuta zikiwa wazi. Zima umeme wa sehemu hiyo, piga picha kila kitu, mpe fundi mwingine mwenye leseni ramani yako na picha zako apime kilichofanyika kabla ya kuendelea. Usimlipe huyo mpya kwa pointi kwa kazi iliyobaki. Afanye kadirio jipya la kumalizia, likiwa na vipimo vya nyumba nzima ndani yake, maana yeye ndiye atakayeweka namba yake ya leseni.